Baiskeli ya gurudumu moja msituni: mwongozo wa kuanza, kuanzia upepo wa tairi hadi kuvuka mizizi

Maswali ni yaleyale kila mara. Gurudumu la inchi ngapi? Mbona mapaja yanawaka moto kabla hata mita mia tatu hazijaisha? Mzizi unavukwaje bila kurushwa mbele? Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari anaendesha yunisaikeli, yaani hiyo baiskeli ya gurudumu moja, kwenye lami au uwanjani, na sasa anataka kuingia nayo kwenye njia ya msitu. Kama bado unatembea umeshika ukuta, endelea na ukuta wiki chache zaidi. Msitu hautakukimbia.

Njia tunazozifikiria hapa ni za aina ya Karura, Nairobi: udongo mwekundu, mizizi inayokatiza njia, vilima vifupi, majani makavu ya mikaratusi, na watu wengi wa miguu. Usambara au msitu wowote wa nyanda za juu mambo ni hayohayo, ila huko miteremko ni mikali zaidi.

Kabla ya yote shika jambo moja, maana karibu kila kosa utakalosoma hapa chini linatoka humo: uzito wako ukae kwenye siti, si kwenye pedali. Gurudumu limefungamana moja kwa moja na pedali. Likizunguka, pedali nazo zinazunguka, hakuna kuachia miguu ipumzike kama kwenye baiskeli ya kawaida. Anayesimama juu ya pedali anabeba mwili wake wote kwa mapaja, na mguu wa nyuma unapigana na wa mbele. Kwenye lami unaweza kujidanganya hivyo kilomita nzima. Msituni hufiki mbali.

## Uwe tayari kwa kiasi gani

Pima mwenyewe, bila kujionea huruma:

- Unaendesha mita 500 tambarare bila kushuka.
- Unapanda bila kushika kitu mara nane kati ya kumi.
- Unakata kona kulia na kushoto. Wengi wana upande mmoja tu.
- Unavuka uwanja wa nyasi wenye vishimo bila kuanguka.

Hilo la nyasi ndilo kipimo cha kweli. Nyasi zinashika gurudumu na kuficha mashimo, kwa hiyo zinakuzoesha mtikisiko usioutarajia, na ukianguka huumii sana. Kama nyasi zinakushinda, kaa nazo.

## Vifaa

Gurudumu. Anza na inchi 24 lenye tairi nene la inchi 3, au inchi 26 kama una urefu wa zaidi ya sentimita 175 hivi. Yale ya inchi 20 yanayouzwa kwa bei nafuu ni ya kujifunzia uwanjani, na tairi lake jembamba linakwama kwenye kila kijiti. Inchi 29 ni tamu kwenye njia ndefu zilizonyooka, lakini ni zito kulianzisha na zito kulisimamisha. Liache kwanza.

Krenki, yaani mkono wa chuma unaoshika pedali. Kwa gurudumu la inchi 24, chukua wenye urefu wa milimita 150. Za 165 zinakupa nguvu ya kupanda mlima, ila pedali inashuka karibu zaidi na ardhi na itagonga mizizi na mawe. Za 125 zinazunguka kwa wepesi lakini hazikupi nguvu ya kuzuia gurudumu mteremkoni.

Habu (kitovu cha gurudumu) na ekseli yake. Hapa usibane pesa. Yunisaikeli za bei rahisi zina ekseli yenye ncha ya mraba, na ukiruka nayo mara kadhaa kutoka kwenye ukingo, inapinda au krenki inaanza kucheza. Ya msituni iwe na ekseli yenye meno, ile iitwayo ISIS. Waliotangulia, kama Kris Holm wa Kanada, walivunja na kupinda nyingi za mraba kabla habu imara hazijapatikana.

Breki. Siku za mwanzo unaweza kuishi bila breki. Ila kama unanunua mpya, chukua fremu ambayo breki inaweza kufungwa baadaye, ya rimu au ya diski. Mkono wake unakaa chini ya pua ya siti na unaubonyeza kwa kidole kimoja.

Mwili wako. Helmeti. Glavu zenye kinga ya kiganja na kifundo cha mkono, kwa sababu kiganja ndicho kinachofika chini kwanza. Kinga za magoti. Na usizidharau kinga za ugoko: pedali za msituni zina pini za chuma ili kiatu kisiteleze, na pini hizo zikirudi nyuma zinachana ngozi ya ugoko kama parafujo inavyochana mbao. Kiatu kiwe na soli bapa, isiyo na meno makubwa. Kamba za viatu zifunge fupi kisha uzichomeke ndani. Kamba iliyolegea inajizungusha kwenye krenki na kukufunga mguu ukiwa bado juu.

Mfukoni. Tyubu moja ya akiba, viraka na solushoni, pampu ndogo, spana za pembe sita za milimita 4, 5, 6 na 8, spana ya pedali, na maji lita moja na nusu. Mchezo huu unakausha mwili kuliko watu wanavyodhani.

## Kazi ya nyumbani kabla ya kutoka

1. Hakikisha haijafungwa kinyume. Hili ni kosa linaloharibu vyombo vingi. Pedali ya kushoto ina uzi (mistari ya skrubu) wa kinyume, inakazwa kwa kuzungushwa kuelekea kushoto. Ukiifunga siti ikatazama nyuma, utakuwa unaendesha huku kila mzunguko ukiifungua pedali kidogokidogo. Baada ya kilomita chache inachomoka na kuondoka na uzi wa krenki. Angalia herufi kwenye krenki au kwenye ncha ya pedali: L iwe upande wako wa kushoto na R kulia ukiwa umekaa, na pua ya siti yenye mshikio iwe mbele.

2. Kaza, lakini jua mahali pa kukaza. Bolti za krenki zinataka nguvu ya mkono mzima kwenye spana yenye urefu wa sentimita 25 hivi. Zikaze tena baada ya saa ya kwanza ya kuendesha, kwa sababu lazima zitalegea kidogo. Kofia za beringi, zile zinazoshikilia beringi kwenye fremu, ni kinyume chake: ukizikaza kwa nguvu zinaminya beringi, gurudumu linakuwa zito, na utadhani ni wewe umechoka. Inua yunisaikeli, zungusha gurudumu kwa mkono. Likisimama baada ya mizunguko miwili mitatu, legeza robo mzunguko kila upande na ujaribu tena.

3. Shusha siti. Kwenye lami siti hukaa mahali ambapo mguu unakaribia kunyooka pedali ikiwa chini kabisa. Kwa msituni, ishushe sentimita 3 hadi 5 kutoka hapo, upate nafasi ya kuinuka gurudumu linapopanda mzizi. Usiizidishe. Siti ya chini sana inakulazimisha kusimama muda wote, na magoti yatakulaumu jioni.

4. Punguza upepo. Tairi lililojaa hadi likawa gumu linadunda juu ya kila kitu. Kwa inchi 24 kwa 3, mtu wa kilo 60 aanzie psi 18 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), wa kilo 80 aanzie 22. Kisha fanya jaribio: simama kwenye pedali, krenki zikiwa sawa na ardhi, shika siti, ruka kidogo papo hapo kwenye zege. Ukisikia rimu inagonga chini, ongeza psi 2. Ukihisi tairi halijaminyika kabisa, toa 2. Andika namba iliyokufaa.

5. Uliza getini. Karura, kwa mfano, ina njia zilizoruhusiwa baiskeli na nyingine za miguu tu, na unalipa kiingilio. Mlinzi akiona gurudumu moja anaweza kusita. Mwoneshe helmeti, mweleze unakwenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole, uliza njia ipi inafaa. Na ikiwa mvua kubwa imenyesha jana usiku, ahirisha. Udongo mwekundu ukilowa unajikusanya kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mfereji unaouacha njiani ukikauka unawasumbua wengine kwa wiki nzima.

## Njiani

6. Tembea njia kwanza. Chagua kipande cha mita 200 hadi 300, kikiwa na mteremko mdogo tu na mizizi isiyozidi urefu wa kidole gumba. Kitembee kwa miguu ukiisukuma yunisaikeli. Tazama mahali pa kupandia, mizizi inayokatiza njia kwa mshazari, na mahali pa kuangukia pasipo na visiki. Dakika kumi hizo zitakuokolea ngozi.

7. Kupanda mahali pasipo tambarare. Uwanjani unaweza kupanda popote. Njiani ardhi inachagua. Weka gurudumu mbele ya jiwe dogo au mzizi, ili lisirudi nyuma kuja kwako. Krenki ziwe sawa na ardhi, pedali iliyo upande wako ikiwa chini kidogo ya usawa. Siti ibane katikati ya mapaja, weka mguu wa kwanza kwenye pedali hiyo bila kuikandamiza. Sasa ruka kwa mguu ulio chini, ukae juu ya siti, na mguu wa pili utue kwenye pedali ya mbele.

Kosa la kawaida ni kuikanyaga pedali ya nyuma kama ngazi. Gurudumu linarudi, unashuka, unajaribu tena kwa nguvu zaidi, linarudi kwa kasi zaidi. Nguvu iende juu ya siti.

Kwenye kilima usipande ukitazama juu. Geuza gurudumu likatize mteremko, panda, piga mizunguko miwili, kisha pinda kuelekea juu.

8. Macho. Tazama mita 4 hadi 5 mbele. Ukilitazama tairi, mabega yanainama, kiuno kinakunjika, na mzizi unakukuta kabla hujajiandaa. Ukikitazama kisiki, utakigonga. Tazama nafasi iliyo pembeni yake.

9. Mkono mmoja kwenye mshikio. Shika mshikio wa siti kwa mkono mmoja, mwingine uwe huru kusawazisha. Mkono unaovuta siti juu unakufunga wewe na gurudumu kuwa kitu kimoja. Wanaoanza hupunga mikono yote miwili hewani, siti inacheza chini yao kama jino bovu, na kila mtikisiko unawatoa.

10. Mzizi wa kwanza. Hapa tukae kidogo.

Gurudumu la inchi 24 lenye tairi nene linasafiri takriban mita 2 kwa mzunguko mmoja. Maana yake, kila mita moja krenki zinakuwa sawa na ardhi mara moja, na katikati ya hapo zinasimama wima, mahali ambapo miguu haina nguvu yoyote. Mzizi ukikukuta krenki zikiwa wima, umekwisha: gurudumu linasimama, wewe unaendelea mbele.

Na gurudumu haligusi mzizi likiwa juu yake. Kwa mzizi wa sentimita 5, tairi linaugusa ekseli ikiwa bado nyuma kwa sentimita 17 hivi. Kwa hiyo unataka, wakati wa kugusa, pedali ya mbele iwe juu kidogo ya usawa, ili nguvu yako kubwa ije wakati gurudumu linapanda.

Fanya hivi uwanjani kabla ya msituni. Laza fimbo nene kama mpini wa jembe, izuie isibingirike, na chora mistari mitatu kabla yake, kila mmoja umbali wa mita moja. Endesha taratibu ukihakikisha mguu mmoja, kisha ule mwingine, unafika mbele kwenye kila mstari. Baada ya mara ishirini, mwili unaanza kupima wenyewe.

Kisha kuvuka kwenyewe: ufikie mzizi kwa pembe mraba, si kwa mshazari. Hatua moja kabla, inuka kidogo, siti ibaki imegusa mapaja. Gurudumu linapogusa, vuta mshikio juu na ukandamize pedali ya mbele kwa pamoja, kifua kikisogea mbele. Likishapita, kaa chini mara moja. Hilo la mwisho husahaulika: watu wanavuka mzizi vizuri, wanabaki wamesimama, na wa pili unawakuta mapaja yamekwisha.

Mzizi uliolowa uuvuke ukiwa umenyooka kabisa. Usipinde juu yake, usishike breki juu yake. Mizizi ya mikaratusi iliyochubuka gome inateleza kama sabuni.

11. Kupanda kilima. Kifua mbele, mkono unavuta mshikio, pedali zinasukumwa kwa vipande. Pumzika kitambo kidogo sana krenki zikiwa sawa na ardhi, kamwe zisipokuwa hivyo. Ukihisi unakwama na krenki wima, ni bora ushuke kwa hiari kuliko kudondoka nyuma.

12. Kuteremka. Kaa mzito kwenye siti, mgongo umenyooka, na uzuie gurudumu kwa mguu unaopanda nyuma. Kama una breki, ibonyeze kidogo na uiache hivyohivyo, miguu ikiendelea kuzunguka. Usiibane kwa ghafla. Breki ikikamata ghafla gurudumu linasimama, na wewe ndiye unayeendelea na safari. Izoee kwanza kwenye mteremko wa nyasi.

13. Kuanguka kwa mpango. Mteremkoni utatokea mbele, kilimani utatokea nyuma. Unapohisi mizani imekwenda, toa miguu yote miwili, tua ukikimbia hatua mbili tatu, iache yunisaikeli ianguke. Kuizuia kwa mguu ndiko kunakoumiza vifundo. Jizoeze kushuka kwa mbele na kwa nyuma mara kumi kumi kabla ya kila safari, mpaka kuchomoka kusiwe jambo la kuogopa.

Siku ya kwanza endesha kwa muda wa saa moja tu. Mwendo wako utakuwa kati ya kilomita 5 na 8 kwa saa mahali laini, na pengine nusu ya hapo kwenye mizizi. Ni mwendo mzuri. Mpishe mtu wa miguu kila mara, na ukiona mbwa, shuka. Gurudumu moja lenye mtu juu yake linawatia mbwa wengi wasiwasi.

## Inapogoma

Mapaja yanawaka baada ya dakika tano. Umesimama kwenye pedali. Endesha mahali tambarare ukijilazimisha kukaa, mpaka uhisi nyayo zimekuwa nyepesi. Kama umekaa kweli na bado zinawaka, rudi kwenye kofia za beringi.

Gurudumu linapinda lenyewe upande mmoja. Njia ikiwa na mwinamo hilo ni la kawaida, zungusha nyonga kidogo kulipinga. Likifanya hivyo hata mahali tambarare, kwanza tazama kama siti imenyooka sawa na tairi, kisha ongeza psi 2. Tairi nene lenye upepo mdogo linajiendesha.

Pedali inagonga ukingo. Kwenye njia iliyochongwa ubavuni mwa kilima, pedali ya upande wa juu ndiyo inayogonga. Sogea karibu na ukingo wa nje kadiri ilivyo salama, na upite hapo kwa nusu mizunguko badala ya kuzungusha mfululizo.

Mlio wa "kwa, kwa" kila mzunguko. Mara nyingi ni krenki iliyolegea. Shuka, kaza hapohapo. Ukiiendesha hivyo hadi nyumbani, meno ya ekseli na ya krenki yatasagana, na hiyo krenki hutaikaza tena. Mlio ukibaki baada ya kukaza, angalia pedali, kisha bolti ya nguzo ya siti.

Ganzi sehemu za siri. Usiivumilie. Rekebisha mwinamo wa siti kidogokidogo mpaka uzito ukae kwenye mifupa ya makalio, vaa kaptula ya baiskeli yenye sponji, na simama kwa sekunde kumi kila baada ya dakika chache. Ganzi ikidumu baada ya kushuka, pumzika siku kadhaa.

Goti linauma kwa mbele. Siti iko chini mno, au unazuia mteremko wote kwa miguu. Inua siti sentimita moja moja. Kama njia yako ina miteremko mirefu, wakati wa kuiwekea yunisaikeli breki umefika.

Unavuka mzizi mmoja lakini miwili iliyofuatana inakushinda. Pima nafasi kati yake. Ikiwa ni mita moja, krenki zitakuwa mahali palepale kwenye wa pili, ila mguu wa mbele utakuwa ule mwingine, na huo kwa kawaida ndio dhaifu. Rudi kwenye fimbo uwanjani, uvuke mara ishirini kwa mguu huo peke yake. Ikiwa ni nusu mita, krenki zitakuwa wima kwenye wa pili: simama kati yake kwa kuruka papo hapo, jipange, kisha vuka. Kama kuruka bado hujakujua, shuka, ibebe yunisaikeli mkononi kuupita huo wa pili, upande tena mbele yake.